Namba Kumi na Saba Ameongezeka Urefu

Vijana wangu wa chumba cha mazoezi,

Mliponiaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na kazi ya kuandika. Kitenge nimekishona, saa imegoma, na kazi ndiyo hii. Mmetaka niwaandikie miaka yangu ya kutibu viungo hapa Sumbawanga, na juzi mkaongeza habari ya ule udaktari, maana kila anayeajiriwa sasa anauliza kwa nini yule mwanamke mwenye joho, kwenye picha iliyo juu ya mzani, hafanani na mimi. Hafanani kwa sababu siyo mimi. Nitafika huko. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwanza havikunifanya chochote, pili mkivijua mtaacha kazi.

Niliripoti mwezi wa Julai, na aliyezaliwa Sumbawanga anajua maana yake. Mimi ni wa Kate, baridi naijua, lakini chuo nilisomea kwenye joto nikasahau kwetu, nikaja na ndala. Chumba cha mazoezi wakati huo kilikuwa nusu ya stoo. Nusu yetu ilikuwa na kitanda kimoja, mifuko ya mchanga, magongo ambayo hata moja halikuwa na mwenzake, na Mzee Filbert. Mzee Filbert hakuwa na cheti. Kazi aliijulia mikononi, na mikono yenyewe ilikuwa mipana kama sahani za harusi. Alinitazama kuanzia ndala kwenda juu, akasema, "Karibu, mwenye cheti. Mkoba usiweke pale, mvua zikianza panavuja."

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa baba mmoja mwenye sweta mbili, kaja na habari ya goti. Nikamlaza. Nikalikunja goti, nikalikunjua, nikalipima, nikaandika ukurasa mzima. Goti halikuwa na neno. Nusu saa ikapita, mimi jasho linanitoka na baridi ile.

"Baba, sasa linauma wapi hasa?"

"Mimi haliniumi," akasema. "Linamuuma mke wangu. Yeye yuko kwenye ulezi, anavuna."

Nilikasirika, vijana, msiulize. Nikamwambia ashuke kitandani akamlete mgonjwa mwenyewe. Mzee Filbert alikuwa anakunywa chai yake, akaweka kikombe chini taratibu. "Mfundishe huyohuyo. Atampelekea." Nikamfundisha huku nimenuna. Baada ya mwezi yule baba akarudi na jogoo kwapani na salamu za mkewe, ambaye sasa alikuwa anapanda kilima bila fimbo. Mzee Filbert akampokea jogoo, akaniambia, "Huku kwetu goti la mtu ni la nyumba nzima." Nikacheka. Ningeliandika neno lile ukutani ningejiokolea miaka mitano.

Mengine ya miaka ile nayafupisha. Kipimo chetu cha viungo kilivunjika mwaka wangu wa pili, nikatumia kipimapembe cha mkebe wa mwanafunzi, na nawaambieni goti halijui tofauti. Mikono ipasheni moto kwanza kwenye kikombe cha chai. Mgongo wa mtu ukiguswa na mkono wa Julai unajikaza, halafu mnaandika kwamba ana tatizo la misuli. Mchungaji wa ng'ombe akikwambia amekuja kwa miguu toka bondeni kutibiwa kifundo kilichoteguka, usimuulize amewezaje. Atakuonyesha kwa kurudi hivyohivyo.

Sasa udaktari. Huku mtu akivaa koti jeupe ni daktari, hata kama kazi yake ni kufungua madirisha. Mimi niliitwa daktari tangu siku ya ndala, na sikuwahi kumsahihisha mtu. Kilichonitoa kwenye raha hiyo ni mama yangu. Mama yuko Kate, ana umri wa kutosha kumzaa Mzee Filbert, au hivyo ndivyo anavyosema mwenyewe. Maisha yake yote amelima matuta. Sisi Wafipa tunafukia majani kwenye tuta tangu enzi za mababu. Udongo unanenepa, mgongo unakonda. Siku moja nimekwenda kumsalimu, nikamkuta amejikunja mlangoni anapepeta maharage. Akaniambia bila kuinua kichwa, maana hakiinuki, "Mwanangu, umesoma mgongo miaka yote hiyo. Wangu mbona haunyooki?"

Na mimi nisipokuwa na jibu huwa naenda shule. Nikiwa na miaka hamsini na nne nikajiandikisha shahada ya uzamivu ya tiba ya viungo, nitafute mazoezi ya kumpunguzia maumivu mwanamke wa matuta. Chuo kilinipa miaka mitano na miezi mitatu. Kustaafu kulinipa miaka sita. Nikapiga hesabu nikaona nitakuwa daktari wa kweli kwa muda wa mimba moja hivi, kisha nipumzike. Wenzangu walinicheka. Msimamizi wangu, profesa wa kike mwenye sauti ya upole na kalamu katili, aliniambia tu, "Umri si tatizo. Tatizo ni sura ya tatu." Ndiyo sura ya njia ya utafiti, na hakukosea.

Utafiti ulihitaji wanawake arobaini wa kijiji kimoja, wafanye mazoezi mara tatu kwa wiki kwa majuma kumi na mawili, wapimwe kabla na baada. Nikachagua kijiji jirani na kwetu. Kamati ya maadili ya chuo ikanipa masharti mawili. La kwanza, pasitajwe jina la mtu: kila mshiriki awe namba, na orodha ya majina ikae kwenye bahasha iliyofungwa kwa mtu wa kijijini. La pili, ndugu wa mtafiti wasishiriki. Hili la pili nilimweleza mama mwenyewe.

"Yaani mgongo wangu ndio haufai?"

"Unafaa, mama. Ni sheria tu."

"Haya," akasema, akaendelea na maharage. Mnaojua mama wa Kifipa mnajua kwamba "haya" ile haikuwa haya.

Mkutano wa kwanza walikuja wanawake sita, na wawili kati yao walikuwa wanapita tu. Mwenyekiti wa kikundi chao, Mama Gaudensia, mwanamke mrefu aliyenyooka kama mlingoti wa bendera na asiyecheka ovyo, akaniambia watu wana kazi, hawawezi kuja kulala chini bure. Hapo ndipo akili yangu ya kizawa ikaniingia. Kwetu ukitaka watu wakulimie shamba, unapika pombe ya ulezi, unaita. Wanakuja, wanalima, wanakunywa, wanakwenda. Nikajisemea, hawa wasomi wa Dar wanahangaika na barua za mwaliko, mimi mtoto wa Kate nitaita watu kwa njia ya kwetu. Pombe kamati isingekubali, kwa hiyo nikaandika togwa, isiyolevya. Na ilikuwa togwa kweli, siku ya kwanza. Togwa ya ulezi ikifika siku ya tatu inakuwa na maoni yake.

Wakaja arobaini. Wiki iliyofuata arobaini. Kila mtu nilimpa kitambaa chenye namba cha kubandika mgongoni kwa pini. Mama Gaudensia alisimamia mazoezi na kuandika mahudhurio, na mimi kwa sababu ya kazi hapa mjini nilikwenda mwanzo na mwisho tu kupima. Juma hadi juma daftari lilisomeka arobaini, arobaini, arobaini. Nilipompelekea profesa alinipigia simu mwenyewe. Alisema katika kazi yake yote hajaona utafiti ambao hakuna aliyeugua, aliyesafiri, wala aliyechoka. Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba ni suala la kuijua jamii.

Matokeo ndiyo yalinilewesha kabisa. Namba Kumi na Saba mwanzoni alikuwa akiinama vidole vinaishia magotini. Mwishoni alilaza viganja chini, akanyanyuka, akauliza kama nataka tena. Juu ya hapo alikuwa ameongezeka urefu sentimita saba. Nikaandika kurasa mbili kuhusu urefu huo, kwamba uti wa mgongo uliobanwa na miaka ya jembe umefunguka. Namba Thelathini na Moja aliota misuli ya mabega ambayo sikuwahi kuiona kwa mwanamke, nayo nikaiandikia aya. Mtauliza sikuwatazama usoni? Nilikuwa napima migongo. Walisimama wameelekea ukuta, vitenge kichwani, na kwenye fomu hapakuwa na sehemu ya sura.

Tasnifu nikaikabidhi. Jumapili iliyofuata nikaenda Kate kutamba, nikamsindikiza mama kigangoni, kanisa dogo la vijiji vyetu vyote viwili. Nje kabla ya misa akanijia jirani yake wa zamani aliyehamia kijiji kile, Mama Leokadia, amejikunja kwenye fimbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Asante kwa yale mazoezi. Mimi ndiye Namba Kumi na Saba. Yametusaidia sana pale nyumbani."

Akaingia kanisani, polepole, akiwa na urefu wake uleule wa tangu mimi mtoto. Misa nzima sikusikia neno. Tulipopiga magoti nikawatazama wale akina mama wazee wakishuka kwa kushika benchi na kuinuka kwa kushikana wao kwa wao, na nyuma yao wake za watoto wao wanachomoka kama wamekalia siafu. Nikamnong'oneza mama, "Mama, mgongo wa Mama Leokadia si umepona?"

"Uliopona ni wa mkamwana wake," mama akanong'ona, kwa sauti iliyofika madhabahuni. "Ndiye alikuwa anakwenda. Leokadia mwenyewe alikuwa na mbegu za kuchambua."

Nilimkuta Mama Gaudensia kwake, amekaa wima kwenye kigoda. Nikamuuliza kama ni kweli. Akashangaa ninashangaa nini.

"Daktari, si uliita watu kwa kinywaji?"

"Niliita."

"Watu wakiitwa hivyo, nyumba inatoa mtu. Mama akiwa na kazi anakwenda binti, binti asipokuwepo anakwenda mkamwana. Wewe si wa hapa? Nyumba arobaini, watu arobaini. Nani hakutoa?"

Sikuweza kumlaumu. Hakuandika uongo hata mstari mmoja. Mtoto wa Kate nilikuwa nimeita shamba, nikaletewa nguvukazi. Tukafungua bahasha aliyoitunza yeye, tukapitia jina kwa jina. Waliokuwa wenyewe mwanzo hadi mwisho walikuwa kumi na wanne. Waliobaki walikuwa mabinti, wakamwana, dada mmoja mgeni kutoka Kipili, na Namba Thelathini na Moja, ambaye alikuwa mume. Mke alikwenda ziwani kufuata dagaa, naye akaona ni aibu nyumba yake isionekane.

Sasa nawaambieni jambo ambalo si la kuchekesha. Nilinyamaza wiki moja. Kutetea tasnifu kulikuwa kumeshapangwa, muda wangu wa chuo ulikuwa unaisha, na kustaafu kunakuja nyuma yake. Hakuna mtu Dar ambaye angepanda gari kuja kumpima Mama Leokadia. Nilikuwa na karatasi nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka Ufipa, na zilikuwa za uongo, na ni mimi peke yangu msomi niliyejua. Nilikuwa nikipita hapo koridoni watu wakisema "shikamoo daktari" naongeza mwendo.

Nikaenda Chanji kwa Mzee Filbert, alikokuwa anaishi baada ya kustaafu. Nikamsimulia yote. Nilipofika kwa yule mume akacheka hadi akakohoa, mkewe akatoka jikoni kuja kumpigapiga mgongo. Akapangusa macho.

"Yule baba wa sweta mbili, unamkumbuka?"

"Namkumbuka."

"Mkewe alipona?"

"Si alileta jogoo."

"Basi rudi kijijini ukaulize nani kapelekewa na nani hakupelekewa. Na huyo profesa mpigie leo, kabla hujapata akili."

Nilimpigia nikiwa bado uani kwake. Profesa alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Namba Thelathini na Moja ni mwanamume?"

"Ndiyo, profesa."

"Kuna aya kuhusu mabega yake."

"Ndiyo, profesa."

"Nisomee."

Nikaisoma, kwa sauti, pale uani, kuku wananitazama. Alipomaliza kucheka, na alicheka kuliko nilivyotegemea kwa mtu wa sauti ile, akasema chuo kinaweza kunipa miezi sita, na nyongeza nyingine haipo. Baada ya hapo faili linafungwa.

Nikachukua likizo yangu yote. Safari hii nilikwenda nyumba kwa nyumba, uso kwa uso, kwa majina yao kabisa; kamati tuliiandikia upya na akina mama wenyewe wakaridhia. Nikapima wale akina mama waliobaki nyumbani, wale waliotoa mtu. Na hapo, vijana, nikakuta kitu ambacho sikukitafuta. Alipokwenda binti wa kumzaa, jioni alirudi na kibuyu cha togwa cha mama yake, kama ilivyo desturi, na mazoezi akayarudisha pamoja na kibuyu. "Mama, lala chali nikuonyeshe." Akina mama hao walikuwa na nafuu. Haikuwa ya ajabu, hakuna aliyeongezeka urefu, lakini walikuwa wanatoka kitandani bila kuita mtu. Alipokwenda mkamwana, kibuyu kilifika, mazoezi hayakufika.

Nilimuuliza yule mkamwana wa Mama Leokadia, mwenye sentimita zake saba. Aliniangalia kama nimemtukana.

"Nimwambie mama mkwe alale chali ainue kiuno? Mimi?"

Nikawa nimeipata sura ya tatu.

Nikaandika upya. Kurasa za urefu nikazitoa kwa mkono wangu, nakiri kwa uchungu, zilikuwa zimeandikwa vizuri. Siku ya kutetea nilivaa kitenge kipya na viatu vya kufunika. Watahini walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa mzee mkavu aliyekuwa anafunua kurasa tu saa nzima. Nikaeleza kila kitu: togwa, kitambaa, mume. Wawili walicheka vizuri. Mwishoni yule mkavu akavua miwani.

"Kwa hiyo unasema dawa hii inasafiri kwa binti wa kumzaa."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko hai."

"Analima matuta?"

"Ameacha juzijuzi. Mgongo."

"Na wewe ulimpelekea?"

Vijana, nimeulizwa maswali mengi katika kazi hii. Nimeulizwa na bwana mmoja kama ninaweza kumtibu bila yeye kuvua kofia. Lile swali sikulitegemea. Miaka mitano nimezunguka migongo ya wanawake wa watu, na wa kwetu nimeuwekea sheria. Kamati ilimkataza kuwa namba. Haikunikataza kuwa mwanawe. Nilisimama pale mbele ya watu na machozi yakanitoka, sikuyapangusa. Wakanipitisha, kwa marekebisho ya kurasa kadhaa. Wengine husema nilipita kwa machozi. Nilipita kwa sura ya tatu.

Kutoka Dar sikuja Sumbawanga kwanza. Nilipitiliza Kate na begi langu, nikamkuta mama mlangoni. Nikamwambia, "Mama, lala chali nikuonyeshe." Akauliza, "Sheria imebadilika?" Nikasema imebadilika. Nilikaa wiki mbili. Sitawadanganya, uti wa mgongo wake haukunyooka wala hautanyooka, mfupa ukishakubali jembe umekubali. Ila siku ya tisa aliamka mwenyewe kabla yangu, akaenda kuwasha moto, akarudi kusimama mlangoni kuhakikisha nimeona.

Mahafali yalikuwa Novemba, mwezi wa kwanza wa kustaafu kwangu, mvua zimeshaanza. Mama Gaudensia akaita watu kwake kwenye shamba la ulezi. Kwetu tukapata salamu, na nyumba inatoa mtu. Mama hawezi. Nikaenda mimi, mhitimu wa uzamivu wa migongo ya walima matuta, na jembe la mama begani. Nililima tuta moja na nusu. Nilipoinama kulimalizia, kitu kikalia kiunoni, nikabaki nimeinama vilevile, naangalia vidole vyangu vya miguu, na ndivyo nilivyorudishwa nyumbani, nimekamatwa huku na huku, Mama Leokadia akitangulia na fimbo yake kunisafishia njia.

Nikalazwa kwenye mkeka. Wakanizunguka wote, wenye namba na waliotumwa badala yao. "Kunja magoti, daktari." "Usishike pumzi, daktari." "Inua kiuno, taratibu, ulituambia taratibu." Mahafali yalikuwa yamebaki siku tatu, na mimi hata kukaa sikuweza. Chuo kikasema cheti kinaweza kuchukuliwa na mtu mwenye barua yangu. Mama, kutoka mlangoni, akasema kitu kilicho wazi kwa kila mtu pale isipokuwa mimi.

"Si mtoe mtu?"

Alikwenda Mama Gaudensia. Barua ilisema achukue cheti, haikusema asivae joho, na yeye hakuona sababu ya kusafiri mbali vile arudi bila kuonekana. Kitambaa cha Namba Kumi na Saba alikibandika kifuani, kwa niaba ya wote, alisema. Picha ndiyo hiyo mliyonayo ukutani.

Basi, vijana, mgonjwa akituma mtu, msimfukuze. Mlazeni, mfundisheni, kisha mumuulize yeye ni nani wa mgonjwa. Akiwa mkamwana, mwandikieni kabisa kwenye karatasi kwamba ni amri ya hospitali.

Picha ilipofika Kate nilimpa mama aione, nikiwa bado natembea nimeshika kiuno. Aliisogeza mwangani, akaitazama kwa muda mrefu. Mama Gaudensia kasimama na joho lake, shingo juu, mabega nyuma.

"Mmefanya vizuri kumtuma huyu," mama akasema, akinirudishia. "Wewe usingenyooka hivi."